Kakamega: Msitu, mbu na damu viliyowashangaza wanasayansi

MSITU wa Kakamega aghalabu husifiwa kwa ndege wake, kwa vipepeo vyake vya aina zaidi ya 400 na kwa miti mikongwe ambayo vivuli vyake huanza kando ya mashamba ya chai na mahindi. Ni kipande cha mwisho nchini Kenya cha msitu mkuu wa mvua unaohusishwa na bonde la Kongo, na ukubwa wake haupiti sana kilomita 240 mraba. Watalii huja, hupanda kilima cha Lirhanda au cha Buyangu, hupiga picha, kisha huenda zao.

Wapo wageni wengine ambao hawakuondoka haraka hivyo. Kwa miongo mingi wanasayansi, Wakenya kwa wageni, wamepiga kambi ndani ya msitu huu na katika vijiji vinavyouzunguka wakichunguza wanyama, wadudu na binadamu. Yaliyopatikana hapo, na katika maeneo jirani ya Magharibi na Nyanza, yamewalazimu wataalamu kuandika upya baadhi ya mambo waliyoyachukua kuwa ni ya hakika. Mengine yanahusu moja kwa moja uhai wa mtoto anayezaliwa leo huko Shinyalu au Malava.

Kima wa Isecheno

Mwaka 1979, mtafiti Marina Cords alianza kuwafuatilia kima wa buluu katika eneo la Isecheno, upande wa kusini wa msitu. Utafiti huo, ambao baadaye ulihusishwa na Chuo Kikuu cha Columbia nchini Marekani, ni miongoni mwa tafiti ndefu zaidi za aina yake duniani. Kila kima wa makundi yanayochunguzwa hutambulika kwa sura yake, na ukoo wake wa upande wa mama huandikwa kizazi baada ya kizazi.

Ilidhaniwa zamani kwamba kundi la kima hawa ni mfano wa nyumba yenye mume mmoja na wake wengi. Kwa muda mrefu wa mwaka ndivyo lilivyo: dume mmoja mzima, majike kadhaa na watoto. Lakini unapowadia msimu wa kujamiiana, madume wa nje huweza kumiminika ndani ya kundi, na yule anayeonekana kuwa bwana wa boma akashindwa kuwazuia. Umiliki wake ni wa juujuu tu. Wenye eneo hasa ni majike, ambao hawahami kundi walimozaliwa maisha yao yote, na ndio wanaotoka mbele pindi kundi jirani linapovuka mpaka. Dume akipinduliwa na mgeni, hatari huwaelekea wachanga, kwa kuwa dume mpya huweza kuwaua watoto ambao si wake ili mama zao warejee upesi katika hali ya kushika mimba.

Jambo lililozua mjadala zaidi lilichapishwa mwaka 2018. Kabla ya hapo, tafiti za nyani wa Amboseli zilikuwa zimeonyesha kwamba jike mwenye marafiki wengi wa karibu huishi maisha marefu zaidi, na wanawe hupona kwa wingi. Watu wengi walifurahia habari hiyo kwa kuwa ilifanana na yale ambayo binadamu hupenda kuamini kuhusu urafiki. Cords na mwenzake Nicole Thompson walipochunguza kumbukumbu za majike zaidi ya 80 wa Kakamega, waligundua kwamba urafiki wa karibu peke yake hautoshi. Jike aliyekuwa na uhusiano wa karibu lakini akibadilisha wenzi wa kukaa nao mwaka hadi mwaka alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa kuliko aliyedumu na wenzi wale wale. Kuchanwa manyoya na kutolewa chawa kuna faida, ila inaonekana faida hiyo hutegemea sana anayekuchana leo awe ndiye aliyekuchana mwaka jana.

Katika msitu huo huo, watafiti wa mradi wa BIOTA, uliofadhiliwa na Ujerumani katika mwongo wa kwanza wa karne hii, waliwafuata siafu. Wapo ndege ambao hujipatia riziki kwa kuandamana na misafara ya siafu na kuwadaka wadudu wanaokimbia. Pale msitu ulipokatwakatwa kuwa vipande vidogo, aina moja ya siafu ilipungua, na ndege wanaoitegemea misafara hiyo wakapungua pia, ijapokuwa miti ilikuwa bado imesimama na macho ya mpita njia yaliona msitu.

Mti unapokatwa, mbu hunufaika

Wazee wengi wa Kakamega hukumbuka kwamba malaria haikuwa janga la kila msimu katika sehemu zao zenye baridi kama ilivyokuwa ufukweni mwa Ziwa Victoria. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, milipuko ya malaria katika nyanda za juu za magharibi ilizidi, na kila mtu alikuwa na sababu yake: dawa zilizoshindwa kuua vimelea, safari za watu, kuongezeka kwa joto duniani. Sababu hizo zote zina uzito. Lakini huko Iguhu, karibu na ukingo wa msitu, iligunduliwa sababu nyingine iliyokuwa mbele ya macho ya watu wote.

Wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, KEMRI, akiwemo Andrew Githeko, pamoja na Yaw Afrane, Guiyun Yan na wenzao, walilinganisha nyumba zilizo katika sehemu zenye miti na zile zilizo katika sehemu zilizofyekwa. Waliwaweka mbu aina ya Anopheles gambiae humo na kuwafuatilia. Tofauti ya joto ndani ya nyumba hizo ilikuwa ndogo mno, kiasi ambacho mwenye nyumba asingeitilia maanani. Kwa mbu, hiyo ni tofauti ya uhai na mauti.

Ili kuielewa hoja hii, sharti ifahamike kwamba mbu hawezi kumwambukiza mtu malaria siku ile ile anapoinyonya damu yenye vimelea. Vimelea hivyo lazima kwanza vikue tumboni mwake, vizaliane, kisha visafiri hadi kwenye tezi za mate. Kazi hiyo huchukua takriban siku 10 hadi 14 katika joto la wastani, na katika baridi huchukua muda mrefu zaidi au husimama kabisa. Mbu wengi hufa kabla ya siku hizo kutimia. Kwa hiyo baridi ya nyanda za juu ilikuwa kinga kwa njia ya hesabu tu: mbu alikufa kabla ya kimelea kukomaa.

Miti inapoondolewa, hesabu hiyo hugeuka. Joto linapopanda kidogo, mbu huyeyusha damu upesi na kutaga mayai mapema, kisha hurudi kutafuta damu nyingine mapema. Kimelea nacho hukomaa siku moja hivi kabla ya wakati wake wa kawaida. Kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008, uwezo wa mbu hao kueneza malaria katika sehemu zilizofyekwa za nyanda za juu ulikadiriwa kuwa juu kwa zaidi ya robo tatu ukilinganishwa na sehemu zenye msitu. Siku moja tu ya kimelea, na hesabu yote ikabadilika.

Viluwiluwi wa mbu nao walitoa ushahidi wao. Katika jaribio jingine la nyanda hizo, lililochapishwa mwaka 2005, viluwiluwi waliowekwa katika madimbwi yaliyo wazi juani walifikia ukubwa wa mbu kwa kiwango cha zaidi ya nusu. Wale waliowekwa chini ya kivuli kizito cha miti walipona kati ya 1 na 2 kwa kila 100. Jua huyapasha maji joto na kuotesha mwani, ambao ndio chakula chao. Ndiyo maana shimo la kuchimbia udongo wa matofali au mfereji wa shamba bondeni humfaa mbu kuliko dimbwi lililo katikati ya msitu, ingawa watu wengi huogopa msitu na kuliona shamba kuwa mahali salama.

Wapo waliolielewa jambo hili kinyume, wakadhani kwamba kupanda mti wowote hufukuza mbu. Sivyo. Kilichopimwa Iguhu ni kivuli na joto, wala si harufu ya mti. Na kivuli hakichukui nafasi ya chandarua.

Damu inayougua na kukinga

Kutoka kwa mbu si mbali kufika kwenye damu ya wenyeji. Mwaka 1949, kijana Anthony Allison, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyelelewa Kenya na kusomea Oxford, alikusanya sampuli za damu kutoka makabila mbalimbali ya Kenya. Alikuta kwamba chembe ya kurithi inayosababisha ugonjwa wa selimundu ilikuwa imeenea sana Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, ambako mahali pengine zaidi ya mtu mmoja kati ya watano aliibeba. Katika nyanda za juu zilizo baina ya sehemu hizo mbili ilikuwa nadra kabisa.

Hilo lilikuwa fumbo. Mtoto anayeirithi chembe hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili huugua vibaya, na enzi hizo wengi wao walifariki kabla ya kukomaa. Kwa kanuni ya urithi, chembe inayoua hivyo ingepaswa kufifia na kutoweka. Mbona ilikuwa tele hivyo katika sehemu fulani tu?

Allison aliitazama ramani na kuona kwamba selimundu ilifuata malaria. Mwaka 1953 alifanya jaribio ambalo leo halingepita mbele ya kamati yoyote ya maadili: aliwaambukiza malaria wanaume 30 wa jamii ya Waluo waliokuwa wakiishi Nairobi kwa hiari yao, nusu wakiwa na chembe hiyo kutoka kwa mzazi mmoja na nusu wakiwa hawana. Kati ya wale 15 wasiokuwa nayo, 14 walipatwa na vimelea. Kati ya 15 waliokuwa nayo, ni wawili tu. Taarifa yake ya mwaka 1954 ilikuwa ushahidi wa kwanza wa wazi kwamba ugonjwa wa kuambukiza unaweza kuamua urithi wa binadamu. Kipimo cha kisasa kilikuja mwaka 2005 kutoka Kilifi: mtoto mwenye chembe moja ya selimundu alikingwa kwa takriban asilimia 50 dhidi ya malaria ya kawaida, na kwa karibu asilimia 90 dhidi ya malaria kali.

Kwa familia za Kakamega na majirani zake, habari hii ina pande mbili. Wazazi wawili wenye afya njema, kila mmoja akiwa na chembe moja asiyoijua, wana uwezekano wa mara moja kati ya nne, katika kila mimba, wa kupata mtoto mwenye selimundu. Si laana wala si kosa la mama, kama inavyosemwa bado katika baadhi ya matanga. Ni deni la kinga ya kale, na kipimo cha damu kabla ya ndoa hulifichua.

Damu ya Waluhya ilizungumza tena katika karne hii. Sampuli za DNA za watu wa Webuye, katika Kaunti jirani ya Bungoma, ziliingizwa katika mradi wa kimataifa wa kusoma jenomu za watu 2,504 kutoka jamii 26 za dunia, uliokamilika mwaka 2015. Walikuwa wawakilishi pekee wa Afrika Mashariki. Mradi huo ulithibitisha jambo ambalo wengi hulisikia kwa mshangao: jenomu za Waafrika zina tofauti nyingi zaidi kuliko za watu wa bara lolote jingine, hadi karibu milioni tano kwa mtu mmoja zikilinganishwa na jenomu ya marejeo. Sababu ni kwamba binadamu ameishi Afrika kwa muda mrefu zaidi, na waliotoka walibeba sehemu tu ya hazina hiyo. Dawa nyingi, hata hivyo, zimebuniwa na kupimwa kwa kuangalia zaidi miili ya hao waliotoka.

Buibui mpenda damu

Ukishuka kutoka Kakamega hadi Mbita, ufukweni mwa Ziwa Victoria, utakikuta kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE ambacho kimepewa jina la mwanzilishi wake, Profesa Thomas Odhiambo. Huko ndiko kulikochunguzwa buibui mdogo arukaye, Evarcha culicivora, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 2003. Hukaa kwenye kuta za nyumba na mashina ya miti.

Mwaka 2005, Robert Jackson, Ximena Nelson na Godfrey Sune walitangaza kwamba buibui huyo hupenda damu ya binadamu na wanyama, lakini hana mdomo wa kutobolea ngozi. Hivyo humwachia mbu kazi. Akipewa nafasi ya kuchagua kati ya wadudu mbalimbali, humchagua mbu jike aliyekwisha kushiba damu. Hakuna mnyama mwingine aliyekuwa amejulikana kuteua windo lake kwa kigezo cha alichokula windo hilo. Buibui wachanga wana ujuzi wa ziada: humtambua mbu wa malaria kwa namna anavyotua akiwa ameinua tumbo, nao humnyemelea kutoka nyuma, chini ya tumbo hilo.

Baadaye ilibainika kuwa damu humfanya buibui huyo apendeze kwa mwenziwe wa jinsia nyingine, mithili ya manukato, na kwamba huvutiwa na harufu ya soksi zilizovaliwa kuliko zilizo safi. Yumkini harufu ya mtu humwashiria mahali palipo na mbu. Ni vyema isisahaulike kwamba buibui huyu hawezi peke yake kumaliza malaria, kama ilivyopigiwa chuku wakati fulani. Mama anayempiga kwa ufagio ukutani, hata hivyo, anamfukuza mgeni asiye na hatia.

ICIPE ilipata jingine mwaka 2020. Jeremy Herren na wenzake walitangaza kwamba baadhi ya mbu wa malaria nchini Kenya wana kiumbe kidogo kisichoonekana kwa macho, Microsporidia MB, ambacho huishi ndani yao bila kuwadhuru sana na huzuia kimelea cha malaria kukua. Mama mbu humrithisha mwanawe kiumbe hicho.

Maji safi, mtoto asirefuke

Ugunduzi uliowatatiza wataalamu wa afya kuliko yote haya haukuhusu mnyama wa msituni. Ulihusu watoto wa Kakamega, Bungoma na Vihiga.

Udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake, ulikuwa ukielezwa kwa njia rahisi: maji machafu na vyoo vibovu huleta kuhara, kuhara humaliza chakula mwilini, na mtoto hukwama kukua. Toa uchafu, mtoto atakua. Kati ya mwaka 2012 na 2014, watafiti waliwaandikisha wanawake wajawazito zaidi ya 8,200 katika vijiji vya kaunti hizo tatu. Vijiji viligawanywa kwa kura. Vingine vilipewa klorini ya kutibia maji, vingine vyoo vilivyoboreshwa, vingine sabuni na mahali pa kunawia mikono, vingine yote matatu kwa pamoja. Vingine vilipewa ushauri wa lishe na chakula cha nyongeza kwa watoto, na vingine havikupewa chochote cha hayo ili kulinganisha.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Maji, vyoo na kunawa, kila kimoja peke yake au vyote pamoja, havikuwaongezea watoto urefu. Hata kuhara hakukupungua. Watoto waliopewa lishe ya ziada walirefuka kidogo, na kuongeza maji na vyoo juu ya lishe hakukuzidisha faida hiyo kwa kiasi kinachotajika. Majaribio kama hayo nchini Bangladesh na Zimbabwe yalikubaliana na ya Kenya juu ya urefu, ingawa huko Bangladesh kuhara kulipungua.

Ilikuwa rahisi kwa wasioipenda gharama kudai kwamba vyoo havina maana. Hilo silo lililogunduliwa. Katika mwaka wa pili, matumizi ya klorini yalikuwa yamepungua, na boma lenye choo kizuri lilibaki na kuku, mbuzi na ng'ombe wakizurura pale pale mtoto anapotambaa na kutia udongo kinywani. Wataalamu wanazidi kuushuku ugonjwa wa utumbo usiokuwa na dalili: mtoto haharishi, hana homa, lakini viini vinavyoingia kila siku huuchubua utumbo wake mdogo, vile vinyweleo vya kufyonzea chakula vikasinyaa, na mwili ukatumia nguvu kupigana badala ya kukua. Mama humwona mwanawe mzima. Mizani na futi ndivyo vinavyosema tofauti.

Kulikuwa na faida moja iliyoonekana wazi, na ilichapishwa mwaka 2019 baada ya vinyesi vya watoto hao kupimwa. Minyoo mikubwa ya mviringo, ile inayofahamika kwa kila mzazi wa Magharibi, ilipungua kwa takriban asilimia 18 katika vijiji vilivyotibu maji na kwa asilimia 22 katika vijiji vilivyopata maji, vyoo na sabuni kwa pamoja. Watu wengi hawakutarajia hilo kutoka kwa maji yaliyotibiwa kwa klorini, kwa kuwa mayai ya minyoo hiyo yana ganda gumu linalostahimili klorini, na huweza kukaa udongoni kwa miaka yakimngoja mtoto atakayekuja kuchezea hapo.